Chakula na Maji Siku za Joto: Kujilinda na Ugonjwa wa Kuhara

1. Majira ya ugonjwa huu

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki joto huwa kali miezi ya kaskazi, tangu Desemba hata Machi. Visima hupungua maji, maembe huiva na kuanguka chini ya miti, na watu huona kiu tangu asubuhi hata usiku. Ndipo, katika nyumba nyingi, husikika habari ya tumbo: huyu anaharisha, yule amelala, mtoto wa jirani amepelekwa zahanati.

Watu wengine husema kwamba joto lenyewe ndilo linaloleta kuhara. Sivyo. Joto halimharishi mtu, bali huwasaidia wale wanaomharisha, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hutoka katika mavi ya mtu mgonjwa, vikaingia katika kinywa cha mtu mzima wa afya. Hupita njia nne: maji, mikono, inzi na chakula. Siku za joto njia zote nne hupanuka. Maji ya kisima yakipungua, watu huchota tope la chini, au huenda kuchota penginepo pasipo salama. Inzi huzaana upesi. Mwenye kiu hanywi kwa kuchagua. Na chakula kilichopikwa huharibika kabla jua halijatua.

Ugonjwa huu si jambo dogo. Shirika la Afya la Ulimwengu lahesabu kwamba kila mwaka kuhara huua watoto zaidi ya 400,000 wasiotimiza miaka mitano. Walio wengi katika hao wangaliweza kupona kwa vitu vilivyomo jikoni mwa kila mtu: maji safi, chumvi, sukari na uji. Basi somo hili si la kukariri tu kwa ajili ya mtihani. Aghalabu mama akienda shamba au sokoni, anayebaki nyumbani na mtoto mchanga ni mmoja wenu ninyi mnaosoma kitabu hiki.

2. Habari za zamani

Kuhara kunakoua upesi kuliko kote ni kipindupindu. Mwaka 1869 kipindupindu kilifika Unguja, kikaua watu wengi hata mwaka 1870. Tabibu mmoja aliyekaa Unguja wakati ule, James Christie, aliandika habari zake katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1876, akaonyesha jinsi ugonjwa ulivyofuata njia za misafara na za majahazi. Mahali walipokwenda watu, nao ulikwenda.

Kabla ya hapo, mwaka 1854, tabibu John Snow wa London alichunguza maradhi haya katika mtaa wa Soho. Zaidi ya watu 500 walikuwa wamekufa karibu karibu kwa muda wa siku kumi. Snow aliuliza nyumba kwa nyumba, akaona kwamba wengi waliokufa walikuwa wakinywa maji ya pampu moja iliyokuwa Broad Street. Akawashauri wakubwa wa mtaa waondoe mpini wa pampu ile, nao wakauondoa. Siku zile watu walidhani kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya yenye kunuka. Snow alionyesha kwamba huingia kwa kinywa, pamoja na maji. Nasi tukijua mlango anaoingilia mwizi, twajua mahali pa kutia komeo.

3. Hesabu ya wali wa mchana

Vijidudu vya aina nyingi, vikipata chakula, unyevu na joto, huweza kugawanyika kila dakika 20: kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Tufanye hesabu. Tuseme saa sita mchana inzi ametua juu ya sahani ya wali, akaacha kijidudu kimoja tu. Saa saba vitakuwa 8. Saa nane vitakuwa 64. Saa tisa, 512. Saa kumi, 4,096. Saa kumi na moja, 32,768. Saa kumi na mbili jua likitua, 262,144. Na saa moja usiku, wakati wa kuandaa chakula cha jioni, vitakuwa 2,097,152. Wali wenyewe huenda usibadilike rangi wala harufu.

Kwa hesabu hii twapata kanuni za chakula cha siku za joto:

Kwanza, pika kiasi kitakacholiwa. Chakula kiliwe kingali moto, wala kisikae wazi zaidi ya saa mbili. Na siku ya joto kali kisizidi saa moja.

Pili, kifunike chakula kwa kawa au sahani safi. Inzi hana meno. Kabla hajala hutapika mate yake juu ya chakula apate kukilainisha, na miguu yake imetoka chooni.

Tatu, kiporo kipashwe moto hata kitokote chote, si juu tu. Walakini jueni jambo hili: wali uliolala katika joto huweza kuwa na sumu iliyotolewa na vijidudu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupashwa moto. Vijidudu vitakufa, lakini sumu yao itabaki. Kwa hiyo kiporo cha wali kilicholala nje usiku kucha ni heri kitupwe. Hasara ya wali ni ndogo kuliko hasara ya mtoto.

Nne, matunda yaoshwe kwa maji safi kabla ya kumenywa au kuumwa. Embe lililookotwa chini ya mwembe limegusa udongo waliokanyaga kuku, mbuzi na watu. Tunda lililokatwa likawekwa wazi njiani usilinunue. Nunua zima, ukalikate mwenyewe.

Tano, maziwa yachemshwe. Samaki na nyama vipikwe hata viive mpaka ndani, tena ubao na kisu vilivyokatia nyama mbichi visikatie kachumbari kabla havijaoshwa kwa sabuni.

Viko vyakula vilivyochachushwa, kama mtindi na togwa, ambavyo uchachu wake huwazuia vijidudu wengi wa maradhi wasistawi. Wazee wetu waliona faida yake zamani, kabla ya hadubini kufika huku. Lakini uchachu hauwezi kusafisha chombo kichafu. Chombo chenyewe sharti kiwe safi kwanza.

4. Maji ya kunywa na mikono

Maji yaonekanayo maangavu huweza kuwa na vijidudu maelfu. Njia iliyo ya hakika ni kuyachemsha hata yatokote kabisa kwa dakika moja. Na katika nchi za milima mirefu, ambako maji hutokota kabla hayajawa moto sana, yatokote dakika tatu. Kisha yaachwe yapoe katika chombo chicho hicho, nacho kifunikwe. Nyumba isiyo na kuni za kutosha yaweza kutumia dawa ya klorini iuzwayo kwa kusafisha maji, kwa kufuata kipimo kilichoandikwa.

Maji safi yakiingizwa mkono mchafu si safi tena. Kwa hiyo chombo kiwe na mdomo mwembamba, au kitumiwe kata chenye mpini mrefu, na kata kisilazwe chini. Msidanganywe na ubaridi wa barafu: maji yakigandishwa vijidudu havifi vyote, na barafu iliyofanywa kwa maji machafu ni maji machafu.

Mikono ioshwe kwa maji na sabuni nyakati hizi: baada ya kutoka chooni, baada ya kumtawaza mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula na kabla ya kumlisha mtoto. Pasipo sabuni, jivu la jikoni hufaa. Kuchovya vidole katika bakuli moja lililozunguka kwa watu kumi si kunawa. Ni kugawana uchafu. Afadhali mmoja ashike birika amimine, mwingine anawe.

5. Maji yanayotoka mwilini

Mwili wa mtu mzima, katika kila sehemu 100 za uzito wake, kama 60 ni maji. Na wa mtoto mchanga ni kama 75. Mtu anayeharisha hupoteza maji pamoja na chumvi za mwili. Siku za joto hupoteza tena kwa jasho, yaani ana matundu mawili badala ya moja. Mtoto, kwa kuwa mwili wake ni mdogo, hukaukiwa upesi kuliko mtu mzima. Wengi wanaokufa kwa kuhara hawaui wao tumbo lenyewe, huwaua kukaukiwa.

Maji matupu hayatoshi kuurudisha mwili katika hali yake, kwa sababu hayana chumvi. Na chumvi peke yake haipiti vizuri katika utumbo wa mgonjwa. Wataalamu waligundua kwamba katika kuta za utumbo mna kama milango midogo, ambayo chumvi na sukari hupita pamoja, na zikipita, maji huzifuata. Milango hii huendelea kufanya kazi hata mtu anapoharisha sana.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya kupatikana kwa Bangladesh, maelfu na maelfu ya watu walikimbilia India, na kipindupindu kikaingia kambini. Katika mji wa Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutia mishipani kwa sindano. Akaamuru sukari ya glukosi, chumvi na magadi ya kupikia vichanganywe na maji katika mapipa, nao jamaa za wagonjwa wakapewa kazi ya kuwanywesha wagonjwa wao kwa vikombe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu 30 katika kila wagonjwa 100. Kwa kinywaji kile wakafa chini ya 4 katika kila 100. Hawakuwa waganga walioshika vikombe vile. Walikuwa mama, baba, dada na kaka.

6. Kutengeneza kinywaji cha chumvi na sukari

Zahanatini na madukani ya dawa hupatikana pakiti za chumvi na sukari zilizokwisha kupimwa, ziitwazo ORS. Hizo ndizo bora, kwa sababu mna chumvi za namna kadhaa ndani yake. Kila pakiti ina kipimo chake cha maji. Somwe maandishi, wala kisikisiwe. Pakiti ikikosekana, fanya hivi:

Nawa mikono. Pima lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Tia vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari, vilivyosawazishwa kwa kisu visiwe na kilima. Tia nusu kijiko cha chai ya chumvi, nayo imesawazishwa. Koroga mpaka vyote viyeyuke. Kisha onja: yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwage uanze upya. Funika. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Angalieni sana kipimo. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuja utumboni, na kuhara huongezeka. Ndiyo sababu soda na sharubati tamu hazifai kwa mwenye kuhara.

Kila baada ya kuharisha, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo kikombe kikubwa hata nusu kikombe. Wa miaka miwili hata kumi, nusu kikombe hata kikombe kizima. Mkubwa anywe kadiri atakavyo.

7. Mfano

Tuseme msichana wa darasa la sita amerudi nyumbani saa nane mchana. Mama yuko shamba. Bibi yumo uani, amempakata mtoto wa mwaka mmoja, ambaye ameharisha mara nne tangu asubuhi. Midomo yake imekauka, naye analia bila nguvu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mtazame ndugu yako.”

“Amekunywa nini leo?”

“Hajanywa kitu. Nimemzuia kwa makusudi. Kila akinywa huharisha. Basi nimesema tumbo lipumzike.”

Msichana hakumjibu bibi yake kwa ukali, maana mzee yule alikuwa akifanya aliyofundishwa naye, tena kwa mapenzi. Akauliza, “Bibi, mtungi ukivuja, na fundi yuko mbali, wafanyaje usipate kukauka?”

“Nitaujaza,” akasema bibi. “Nitie mengi kuliko yanayotoka.” Kisha akanyamaza kidogo, akamtazama mtoto. “Haya. Ukafanye uliyofundishwa, lakini niyaonje mimi kwanza.”

Msichana akanawa, akapima, akakoroga. Bibi akaonja, akasema chumvi haikuzidi machozi. Wakampa mtoto kwa kijiko. Baada ya vijiko vichache akatapika. Bibi akataka kuacha, lakini msichana akasema, “Tungoje dakika kumi, kisha tuanze tena polepole.” Wakangoja. Safari hii wakampa kijiko kimoja kila baada ya dakika mbili tatu.

“Haba na haba hujaza kibaba,” akasema bibi, naye akakishika kijiko mwenyewe.

Wakaendelea hivyo mchana kutwa. Mtoto aliharisha tena mara mbili, nao hawakufadhaika, kwa kuwa kinywaji hiki hakifungi tumbo papo hapo. Kazi yake ni kurudisha kilichopotea. Magharibi mama aliporudi, mtoto alikuwa amekojoa, na machozi yalitoka alipolia. Mama akamnyonyesha, na kesho yake asubuhi akampeleka zahanati.

8. Chakula cha mgonjwa

Kumnyima chakula mwenye kuhara ni kosa la zamani. Utumbo uliojeruhiwa huponywa na chakula, na mgonjwa asiyekula hudhoofika, kisha huharisha tena. Kanuni ni hizi:

Mtoto anyaye maziwa ya mama aendelee kunyonya, tena mara nyingi kuliko desturi. Asiyetimiza miezi sita apewe maziwa ya mama tu, pamoja na dawa na kinywaji alichoagiziwa na mganga.

Mtoto mkubwa zaidi apewe chakula laini, kidogo kidogo, mara sita kwa siku: uji wa mahindi, mtama au ulezi, wali uliopikwa hata ukalainika, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, ambayo hurudisha chumvi ya potasiamu, mtindi, samaki asiye na miba, yai lililoiva, au maharage yaliyopondwa. Tone la mafuta katika uji huongeza nguvu. Ukiongeza unga wa kimea katika uji mzito ulio moto, uji huwa mwepesi kumezeka bila kuongezwa maji, na mtoto hupata chakula kingi katika kikombe kidogo. Kisha urudishwe motoni utokote tena.

Maji ya dafu lililofunguliwa wakati ule ule ni mazuri, yana potasiamu nyingi. Lakini chumvi ya kawaida ndani yake ni chache, kwa hiyo yasishike mahali pa kinywaji cha chumvi na sukari. Maji ya mchele na supu nyepesi hufaa pia. Chai kali, kahawa, pilipili na vyakula vya mafuta mengi viachwe mpaka tumbo litulie.

Kuhara kukiisha, mtoto aongezewe mlo mmoja kila siku kwa muda wa majuma mawili, apate kurudisha uzito alioupoteza. Zahanatini hupewa pia vidonge vya zinki. Vimezwe kila siku, siku 10 hata 14 kama alivyoagiza mganga, hata kama kuhara kumekoma, kwa kuwa hupunguza hatari ya ugonjwa kurudi. Dawa za kufunga tumbo, au vidonge vilivyobaki vya mtu mwingine, asipewe mtoto kamwe.

9. Dalili za hatari

Mpelekeni mgonjwa zahanati au hospitali bila kukawia mkiona moja katika haya: damu katika choo; choo cheupe kama maji ya mchele kinachotoka kwa wingi; macho yaliyodidimia; ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole; hawezi kunywa, au hutapika kila kitu; usingizi mzito, au hajitambui; homa kali; hakukojoa kwa saa nyingi. Mtoto wa chini ya miezi miwili apelekwe mara tu anapoanza kuharisha. Na njiani aendelee kunyweshwa, kijiko kwa kijiko, maana safari ya zahanati huweza kuwa ndefu kuliko nguvu zake.

Wazee wetu husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ugonjwa huu ni mdogo: mikono isiyonawiwa, wali usiofunikwa, maji yasiyochemshwa. Mtoto wa darasa la sita aweza kuuziba.

MASWALI

1. Kwa nini si kweli kusema kwamba joto lenyewe huleta kuhara?
2. Vijidudu 3 vimeingia katika mchuzi saa nne asubuhi. Ikiwa vinagawanyika kila dakika 20, vitakuwa vingapi saa saba mchana?
3. John Snow alionyesha nini mwaka 1854, nalo latufundisha nini sisi?
4. Eleza jinsi ya kutengeneza kinywaji cha chumvi na sukari. Yatatokea nini sukari ikizidi? Chumvi ikizidi?
5. Kwa nini bibi katika mfano alimzuia mtoto asinywe? Ungalimwambiaje bibi yako bila kumvunjia heshima?
6. Taja dalili tano za hatari.

KAZI YA NYUMBANI

Kwa ruhusa ya mama, tazama jikoni kwenu: chombo cha maji kina kifuniko? Kata huwekwa wapi? Chakula cha mchana hukaa saa ngapi kabla ya kuliwa jioni? Andika uliyoyaona, kisha andika jambo moja mtakaloanza kulitengeneza juma hili.